Lupu Tatu za Kidato cha Tatu

Mkulima wa miwa aliyeuza mazao yake kwa kiwanda cha Mumias hakulipwa pale mizani. Trela ilipimwa ikiwa na mzigo, ikapimwa tena ikiwa tupu, uzani ukaandikwa, naye akarudi nyumbani kusubiri taarifa ya malipo. Taarifa hiyo ilikuwa na mpangilio uleule kwa kila mtu: tani zilizopokelewa, bei ya tani, kisha makato ya kulimiwa shamba, mbegu, mbolea, ukataji na usafirishaji, na chini kabisa kiasi kilichobaki. Kampuni ya Mumias Sugar ilisajiliwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973. Kwa miaka mingi kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya sukari nchini Kenya, hadi kampuni ilipowekwa chini ya meneja mrasimu Septemba 2019. Katika muda huo wote, karo za watoto wengi wa Kakamega zilitegemea mstari huo wa mwisho wa taarifa.

Ukiitazama kazi ya kuandaa taarifa hizo kwa jicho la kompyuta, ni marudio mawili, moja ndani ya jingine. Chukua mkulima, pitia mizigo yake yote, kwa kila mzigo ongeza tani kwenye jumla. Mizigo ikiisha, toa makato, chapisha, nenda kwa mkulima anayefuata. Hakuna hesabu ngumu hapo. Ugumu uko katika kuieleza mashine ianzie wapi, isimame wapi, na kila mara ijue imefika wapi. Watunzi wa lugha za kuprogramu wamehangaika na maelezo hayo kwa zaidi ya miaka 70, wakiyapunguza, wakiyasahihisha, wakigombana juu yake, na hata sasa hawajamaliza.

Mwanafunzi wa Kakamega hukutana na matokeo ya mahangaiko hayo akiwa Kidato cha Tatu. Mtaala wa Somo la Kompyuta, lile linalotahiniwa kwa nambari 451 katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, una mada ya misingi ya uandishi wa programu, na ndani yake kuna lupu tatu, yaani namna tatu za kuandika marudio: WHILE, REPEAT na FOR. Anazichora kwa chati, anaziandika kwa msimbo wa mfano, anajibu swali la mtihani. Anayeendelea na fani hiyo bila kutoka mjini huishia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kando ya barabara ya Webuye. Chuo hicho kilianza mwaka 1972 kama WECO, chuo cha ufundi kilichotokana na moyo wa harambee wa watu wa Magharibi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 kikapata hadhi kamili. Huko lupu zilezile tatu humsubiri, pamoja na ndugu zao wengine. Mara chache mwanafunzi huambiwa kwa nini ni tatu, nani aliziamua, na ni makosa gani yaliyozizaa. Historia hiyo inastahili kusimuliwa, kwa sababu karibu kila kosa ambalo mwanafunzi huyo atafanya katika lupu zake lilishafanywa na watu maarufu, na lugha zikabadilishwa kwa ajili yake.

Wa kwanza kulieleza jambo lenyewe kwa maandishi ni Ada Lovelace, Mwingereza, mwaka 1843. Aliitafsiri makala ya Mwitaliano Luigi Menabrea kuhusu mashine aliyoibuni Charles Babbage, akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyoizidi makala kwa urefu. Katika maelezo ya mwisho alionyesha jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli. Aliona kwamba sehemu ya hatua inarudiwa ileile, namba tu ndizo zinazobadilika, kwa hiyo hakuna haja ya kutoboa kadi mpya kila mara: kadi zilezile zirudishwe nyuma, zisomwe tena. Aliona pia kwamba mzunguko unaweza kuwa ndani ya mzunguko. Mashine ya Babbage haikujengwa hata ikamilike, lakini mkulima na mizigo yake tayari wamo katika karatasi za Ada.

Mashine zilipopatikana kweli, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, marudio yaliandikwa kwa namna ngumu kuliko ilivyohitajika. Mwandishi wa programu aliweka hesabu mahali fulani, akaipunguza kwa moja, akaipima kama imefika sifuri, na kama haijafika akairudisha mashine kwenye amri ya nyuma. Heinz Rutishauser, mwanahisabati wa chuo cha ETH mjini Zürich, ndiye aliyependekeza mwaka 1951 kwamba marudio yaandikwe kwa neno moja la amri, kwa Kijerumani „für“, na mashine yenyewe igeuze neno hilo kuwa amri zote za kuhesabu na kurudi nyuma. Pendekezo lake lilibaki kwenye karatasi. Lugha ya kwanza kulipeleka wazo hilo katika maelfu ya ofisi ilikuwa FORTRAN, iliyotengenezwa na kundi la John Backus katika kampuni ya IBM na kukabidhiwa wateja mwaka 1957. Lupu yake iliandikwa hivi:

DO 10 I = 1, N

Maana yake: tekeleza mistari yote hadi ule ulioandikwa namba 10, ukimpa I thamani ya 1, kisha 2, mpaka N. Kwa mfano wa Mumias, I ni namba ya mzigo na N ni idadi ya mizigo ya mkulima.

Mstari huo mfupi uliwapunguzia watu kazi kubwa. Ulikuja pia na mitego miwili.

Wa kwanza ni wa nukta. FORTRAN haikujali nafasi tupu kati ya herufi. Mtu akikosea akaandika nukta badala ya mkato, DO 10 I = 1.10, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, haikulalamika: iliunganisha herufi zote, ikaona kibadilika kiitwacho DO10I, ikakipa thamani ya 1.10, na lupu ikatoweka kimya kimya. Mwandishi mmoja wa programu aliyekuwa NASA alisimulia baadaye kwamba kosa hilo hasa lilikutwa katika programu ya kukokotoa njia za vyombo, iliyokuwa imetumika wakati wa safari za Mercury mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vitabu vingi vimelihusisha kosa hilo na kupotea kwa chombo cha Mariner 1 mwaka 1962, lakini hilo si kweli. Kisa cha Mariner kilikuwa kingine.

Mtego wa pili ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu haukuhitaji mtu akosee kuandika. Kompaila nyingi za FORTRAN zilipima mwisho wa lupu baada ya mzunguko, si kabla. Fikiria mkulima aliyesajiliwa lakini msimu huo hakupeleka mzigo hata mmoja. N ni sifuri. Mashine inaingia ndani ya lupu, inachukua mzigo wa kwanza ambao haupo, inaongeza namba yoyote iliyokutwa mahali pale kwenye kumbukumbu, ndipo inauliza kama imemaliza. Mkulima asiye na muwa anaandikiwa tani. Kiwango cha lugha cha mwaka 1966 kilikataza tu kuandika lupu ambayo mwisho wake uko chini ya mwanzo, kikamwachia mwandishi mzigo wa kukumbuka. FORTRAN 77 ndiyo iliyolirekebisha: kipimo kikahamia mwanzoni, na lupu yenye sifuri ikawa haifanyi lolote. Lakini programu nyingi za zamani zilikuwa zimezoea tabia ile ya kale, hata watengenezaji wa kompaila wakalazimika kuweka swichi maalumu ya kuirudisha kwa waliotaka. Mtu anayedhani kubadilisha lugha ni jambo la kuandika sheria mpya tu aikumbuke swichi hiyo.

Nje ya lupu za kuhesabu, miaka ya 1960 ilikuwa ya kuruka. Amri ya GO TO iliruhusu programu kuruka popote, mbele au nyuma, na msomaji wa msimbo hakuweza kujua alifikaje alipo. Mwaka 1966 Waitaliano Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kihisabati kwamba mfuatano, uchaguzi na marudio vinatosha kuandika programu yoyote. Machi 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha barua fupi akisema GO TO inaidhuru kazi ya kuandika programu na iondolewe katika lugha za ngazi ya juu. Barua ile ilizua mabishano makali. Mwanafunzi wa leo anayefundishwa kwamba programu ina miundo mitatu, yaani mfuatano, uchaguzi na marudio, anasoma matunda ya mabishano hayo, mara nyingi bila kutajiwa jina la mtu yeyote.

Lakini marudio yachukue sura gani? Mwezi Januari 1960 wataalamu 13 walikutana Paris kukamilisha lugha ya ALGOL, Rutishauser na Backus wakiwamo. Lupu ya ALGOL 60 ilitaka kumridhisha kila mtu. Ndani ya amri moja mtu aliweza kuorodhesha thamani moja moja, kisha kuhesabu kwa hatua, kisha kuendelea maadamu sharti fulani ni kweli. Hatua yenyewe ilikokotolewa upya kila mzunguko, kwa hiyo ingeweza kubadilika katikati ya safari. Ilikuwa na nguvu kubwa mno, na nguvu hiyo iliwachosha walioandika kompaila na kuwachanganya waliosoma programu. Tony Hoare wa Uingereza aliandika mwaka 1972 makala nzima kuhusu amri hiyo moja, akitaka ipunguzwe.

Aliyeipunguza kwa vitendo alikuwa Niklaus Wirth, katika chuo kilekile cha Zürich alikofanya kazi Rutishauser. Lugha yake ya Pascal, ya mwaka 1970, iliivunja lupu ya ALGOL vipande. FOR ikabaki ya kuhesabu tu, kwenda juu au kushuka, moja moja, basi. WHILE ikawa ya kupima sharti kabla ya mzunguko. REPEAT ikawa ya kupima baada yake. Pascal ilikusudiwa kufundishia, na ilifundisha dunia. Lupu tatu za mtaala wa Kenya ni lupu tatu za Wirth, kwa majina yaleyale na mpangilio uleule. Wirth alifariki siku ya kwanza ya mwaka 2024, akiwa na miaka 89. Wakati huo kulikuwa bado na wanafunzi wa Kidato cha Tatu nchini Kenya waliokuwa wakisoma uamuzi wake wa mwaka 1970.

Ulikuwa uamuzi mzuri. Kasoro yake ni kwamba zote tatu bado zinamtaka mwandishi ahesabu. Hata pale anapotaka tu kuipitia mizigo ya mkulima, lazima aseme namba ya mwanzo, namba ya mwisho, kisha achukue mzigo kwa namba yake. Namba hizo hazimhusu mkulima wala mizani.

Lugha ya C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ililiongeza tatizo. Lupu yake huweka sehemu tatu katika mstari mmoja: pa kuanzia, sharti la kuendelea, na la kufanya baada ya kila mzunguko.

for (i = 0; i < n; i++)

Kila anayejifunza C huandika siku moja alama ya «ndogo au sawa na» mahali pa «ndogo kuliko». Mizigo mitano imewekwa katika nafasi ya 0 hadi ya 4. Lupu inakwenda hadi 5, na C hairushi kosa lolote. Inasoma kilichopo baada ya mzigo wa mwisho na kuendelea. Jumla inatoka, inaonekana kama namba halali, na si halali. Agosti 1982 Dijkstra aliandika kurasa chache kwa mkono akieleza kwa nini ni bora kuanza kuhesabu kwa sifuri na kuuacha mpaka wa juu nje. Alilinganisha njia nne za kuonyesha mfululizo wa namba. Alitaja pia lugha ya Mesa iliyotumiwa katika maabara ya Xerox huko California, ambayo iliziruhusu zote nne. Uzoefu wa watumiaji wake ulionyesha kwamba tatu kati ya hizo zilizaa makosa kila mara, na wakashauriwa waziache. Hoja yake ni imara na lugha nyingi zimeifuata. Hata hivyo ilikuwa ni kumfundisha mtu namna bora ya kubeba mzigo ambao angeweza kutuliwa kabisa.

Njia nyepesi ya kuutua ilianzia chuo cha MIT, Marekani. Barbara Liskov na wanafunzi wake walikuwa wakitengeneza lugha iitwayo CLU, ambamo data hufichwa ndani ya kifurushi na mtu wa nje haoni imepangwaje. Kama mpangilio haujulikani, mtu ataupitiaje kwa namba? Mwaka 1975 walizuru wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliokuwa na lugha ya Alphard, wakaona jibu lao, wakaliona zito. Russ Atkinson wa kundi la Liskov akapendekeza jepesi zaidi: kifurushi chenyewe kitoe itereta, yaani utaratibu unaotoa kitu kimoja, unasimama, unasubiri lupu ikifanyie kazi, kisha unaamka pale uliposimama na kutoa kinachofuata. Amri ya kutoa iliitwa yield. Mwenye lupu hajui kama vitu vimo katika orodha, katika faili au vinatengenezwa papo hapo. Yeye anasema tu anataka kila kimoja. Liskov alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2008 kwa kazi zake katika usanifu wa lugha na mifumo. CLU yenyewe haikuenea. Itereta zake zimo sasa katika lugha ambazo mwanafunzi wa Kakamega anazitumia kila siku.

Mojawapo ni Python. Guido van Rossum aliianza Desemba 1989 katika kituo cha CWI mjini Amsterdam na kuitoa hadharani Februari 1991. Alikuwa amefanya kazi kwenye ABC, lugha ya kufundishia wasiokuwa wataalamu, na kutoka huko alichukua lupu isiyohesabu:

for mzigo in mizigo:

Hakuna i, hakuna n, hakuna sifuri wala moja. Mizigo ikiwa mitano, mizunguko ni mitano. Ikiwa hakuna mzigo, hakuna mzunguko. Mtego wa FORTRAN na mtego wa C imezibwa kwa mstari mmoja, bila swichi na bila onyo.

Safari haikuishia hapo, na kilichofuata ni sehemu inayovutia zaidi, kwa sababu mapendekezo ya kuibadilisha Python huandikwa, huhesabiwa na kuhifadhiwa hadharani pamoja na sababu za kukubaliwa au kukataliwa. Toleo la 2.2 la Desemba 2001 lilileta itereta kamili na yield. Waandishi hawakutosheka. Wakati mwingine mtu anataka mzigo na namba yake pia, ili achapishe «mzigo wa 1, wa 2, wa 3» kwenye taarifa ya mkulima. Ilimbidi ahesabu urefu wa orodha, atengeneze mfululizo wa namba, kisha achukue mzigo kwa namba. Yaani arudi Zürich ya mwaka 1970. Pendekezo la 212, la mwaka 2000, lilikuwa tayari limetaka sintaksia mpya kwa ajili hiyo. Likakataliwa. Pendekezo la 276 lilitaka mtu aweze kuandika for i in 5 na kupata namba tano. Likakataliwa. Pendekezo la 284 lilitaka lupu iandikwe kama hesabu ya darasani, namba ikiwa imebanwa kati ya mipaka miwili kwa alama za «ndogo kuliko». Nalo likakataliwa. Lililoshinda, la 279 lake Raymond Hettinger, halikugusa sintaksia hata kidogo. Liliongeza kazi (function) moja, enumerate, inayofuatanisha kila kitu na namba yake, ikaingia katika toleo la 2.3 mwaka 2003. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kazi ya ziada inaweza kupuuzwa na asiyeihitaji, ilhali sintaksia mpya humlazimu kila msomaji wa lugha kuijua.

Kuna lupu moja ambayo hata itereta haikuitosheleza: ile inayohitaji kuondoka katikati ya mzunguko. Soma uzani kutoka mizani. Kama siku imekwisha, ondoka. La sivyo uandike na usome tena. WHILE ya Wirth inamlazimu mtu asome mara moja nje ya lupu na mara ya pili ndani yake, mstari uleule umenakiliwa, na siku mmoja ukirekebishwa mwingine husahaulika. Donald Knuth alilijadili tatizo hilo kwa kirefu mwaka 1974, katika makala iliyotetea matumizi machache ya GO TO. Python ililipatia jibu lake mwaka 2018, pendekezo la 572, alama mpya := inayoruhusu kupima na kuhifadhi thamani kwa pamoja ndani ya sharti. Mabishano yake yalikuwa makali kiasi kwamba Van Rossum, baada ya kulipitisha, alitangaza Julai 2018 kwamba anaachia uongozi wa lugha aliyoiasisi. Alama hiyo ilitoka katika Python 3.8 mwaka 2019. Watu wasioandika programu huona ajabu kwamba alama ya nukta mbili na sawasawa inaweza kumwondoa mtu madarakani, lakini wanaoishi ndani ya lugha wanajua kila alama itasomwa na mamilioni kwa miaka mingi.

Kosa la mwisho katika historia hii lilijificha pale ambapo kila mtu alidhani pameshatengenezwa. Lugha ya Go, iliyotolewa na Google mwaka 2009, ina neno moja tu la marudio, for, na ndani yake namna ya kupitia kila kitu katika orodha. Lakini kibadilika cha lupu kilikuwa kimoja tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, kikibadilishwa thamani kila mara. Ukikitumia papo hapo, hakuna tatizo. Ukihifadhi anwani yake ili uifanyie kazi baadaye, umehifadhi anwani ileile mara tano, na zote zinaelekeza mahali pamoja. Trela tano zinahifadhiwa. Baadaye trela moja inashughulikiwa mara tano.

Februari 2020 shirika la Let's Encrypt, linalotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti, liligundua kosa hilo katika programu yake ya Go. Cheti kilipoombwa kwa majina kadhaa ya tovuti yaliyohitaji kukaguliwa tena, programu ilichagua jina moja na kulikagua mara nyingi kama idadi ya majina, na mengine yakapita bila kukaguliwa. Vyeti vilivyoguswa vilikuwa 3,048,289. Wenye tovuti wengi walitakiwa kuvifanya upya ndani ya siku chache. Watunzi wa Go walikitumia kisa hicho kueleza kwa nini, baada ya zaidi ya miaka kumi, walikuwa tayari kuibadilisha maana ya lupu iliyokwisha kutumiwa na dunia nzima. Kuanzia Go 1.22, Februari 2024, kila mzunguko una kibadilika chake. Ili wasirudie masaibu ya FORTRAN 77, walifanya badiliko lifuate namba ya toleo iliyoandikwa katika faili ya mradi, hivyo msimbo wa zamani ukabaki na tabia yake ya zamani. Toleo hilohilo liliruhusu lupu juu ya namba tupu, lile jambo ambalo Python ililikataa katika pendekezo la 276. Na Agosti mwaka huo Go 1.23 ikaleta itereta zinazotoa kitu kimoja kimoja kupitia kazi ambayo kwa desturi huitwa yield, miaka 49 baada ya Liskov na wanafunzi wake kwenda Carnegie Mellon.

Go ndiyo lugha iliyotumika kujenga Nuru, lugha ya kuprogramu ya Kiswahili iliyotokea Tanzania mapema katika muongo huu. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kutoka nchi hiyo sasa mtu anaandika:

kwa mzigo ktk mizigo {
    jumla = jumla + mzigo
}

Waliojenga Nuru walijifunza kutoka kitabu cha Mjerumani Thorsten Ball, kinachomfundisha msomaji kujenga mkalimani wa lugha ndogo iitwayo Monkey. Monkey ya kitabuni haina lupu yoyote. Marudio yake hufanywa kwa kazi inayojiita yenyewe. Kwa hiyo wakati, kwa, vunja na endelea za Nuru ni nyongeza za waandishi wake. Walipochagua lupu ya kupitia vitu, walichagua ile ya ABC na Python, ambayo humpa mtu kitu chenyewe, au jozi ya kitu na ufunguo wake akitaka. Mwanafunzi anayeanzia hapo anapata kwa siku ya kwanza kile ambacho kiliuchukua ulimwengu kutoka mwaka 1951 hadi 1991.

Mtaala wa 451 unampeleka kwa njia nyingine. Unaanza na kihesabio, unamfundisha kukiongeza kwa moja, unamtahini kama atasimama kabla au baada ya namba ya mwisho. Vyuo vikuu vingi vya Kenya bado vina C miongoni mwa lugha za mwanzo, na huko anayarudia mambo yaleyale kwa alama kali zaidi. Ujuzi huo si wa kutupwa. Anayetaka kujua mashine inavyofanya kazi lazima apite humo. Lakini si mahali pa kuanzia. Mtoto wa Lurambi au Mumias anayejua taarifa ya malipo ya miwa tayari anajua lupu: kwa kila mzigo, jumlisha. Apewe kwanza lupu inayosema hivyo, ajenge nayo programu inayotoa jumla sahihi, kisha afunguliwe ndani yake aone kihesabio kikifanya kazi, na hapo WHILE, REPEAT na FOR za Wirth zitakuwa maelezo ya kitu anachokijua.

Nafasi ya kufanya hivyo imefunguka. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na Somo la Kompyuta ni mojawapo ya masomo ambayo wanafunzi hao wanaweza kuchagua. Waliotangulia, wa mfumo wa 8-4-4, watafanya KCSE yao ya mwisho mwaka 2027, wakiwa na lupu zao tatu.